Mgonjwa Nambari Moja

— Laki tatu, Dokta! Laki tatu taslimu, unataka kuzitupa kwa ujumbe wa mtu ambaye hatujui hata ana meno mangapi!

— Sijasema nazitupa, Mzee Mizani. Nimesema nafikiri.

— Wewe ukianza kufikiri, sisi huku tumeshaliwa.

— Hakuna kuondoa kitu! akadakia Shahidi kutoka mwisho wa benchi, kikombe kikimchezacheza mkononi. Nilichosema nimesema. Nilikuwepo, niliona. Akija huyo mtu mniachie mimi.

— Punguza mikono, alisema Mama Birika. Utawaunguza wenzako.

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa ghala uliolazwa juu ya matofali, ukasukumwa hadi kwenye ukuta wa duka la fotokopi ambalo mwenyewe alilifunga akaondoka bila kuaga. Kushoto palikuwa na meza ya fundi simu, yenye kioo juu na matumbo ya simu chini ya kioo. Kulia palikuwa na jiko la mkaa la Mama Birika, aliyemimina kahawa bila kumwaga tone na bila kumkopesha mtu. Katikati walikaa wenye benchi. Mzee Mizani alikuwa karani wa kupima mizigo sokoni kwa miaka thelathini, akastaafu na tabia ya kutaka kila jambo liwe na kilo zake. Shahidi alishona magodoro, na hakuna kitu kilichowahi kutokea mtaani, tangu moto wa soko hadi ndoa ya jirani kuvunjika, ambacho yeye hakuwepo. Fundi simu ndiye waliyemwita Dokta Waya, kwa kuwa simu alizitibu na watu aliwaeleza magonjwa.

Aliwaeleza kwa podikasti, yaani kipindi cha kusikiliza kwenye simu, alichokirekodi mwenyewe akiwa ndani ya kabati la nguo na blanketi kichwani ili sauti isirudi. Humo alisimulia magonjwa ya kuambukiza: yalikotoka, yalivyoua, yalivyobanwa mpaka yakakubali. Hakusomea popote. Alijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kuwasumbua manesi waliomletea simu zilizoingia maji, na mtu akimwambia kwamba mambo hayo yana wenyewe, alikuwa anamrudishia simu yake bila kuitengeneza. Alianza na ndui, akaja tauni, akaja surua, akaja homa ya matumbo. Kila kipindi kilipata wasikilizaji themanini, mia kwa kujikaza, na nusu yao walikuwa wateja waliokwama mezani kwake wakisubiri kioo. Cha tano kilihusu kipindupindu kilichopita katika mtaa huu huu miaka ishirini na sita nyuma. Hicho, kwa siku tisa tu, kilikuwa kimesikilizwa mara elfu tisa mia tisa na kidogo. Mwenye kiwanda cha sabuni alipiga simu mwenyewe. Kikifika elfu kumi, alisema, ataweka tangazo lake na kulipa laki tatu. Waya alikuwa ameshachagua maikrofoni, ameshachagua hata rangi.

Halafu asubuhi hiyo ukaingia ujumbe kutoka namba asiyoijua. *Kipindi chako cha kipindupindu si kweli. Nakuja leo saa kumi. Uwepo.*

Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na Waya alikuwa amefungua simu ya mteja mmoja mara tatu na kuifunga mara tatu bila kukumbuka ina ugonjwa gani.

— Huyo ni mtu wa idara ya maji, alisema Mzee Mizani. Pima mwenyewe. Kisima cha nyuma kilikuwa chao. Leo watu elfu kumi wanasikia kisima kiliua. Kesho elfu kumi hao wako mlangoni wanadai fidia. Wewe ungekaa kimya?

— Idara ya maji hawajawahi kuja mahali saa waliyosema, alisema Mama Birika.

— Si maji, alisema Shahidi. Ni wenye madawa. Dokta alisema nini kwenye kipindi? Alisema mgonjwa wa kipindupindu anakufa kwa kukauka, na kwamba ukimrudishia maji na chumvi na sukari kwa wakati, wengi wanapona. Umewamwagia watu unga wao, bwana! Dawa ya kujikorogea nyumbani! Unadhani wanakupenda?

— Shahidi, hilo limeandikwa kwenye pakiti. Pakiti wanazitengeneza wao.

— Wanaandika ili tusiamini.

— Ngojeni, alisema Mzee Mizani, akinyanyua kidole kama anazuia gari la mizigo. Nina hesabu hapa. Mwaka ule, mwezi mmoja kabla ya ugonjwa, sabuni iliyopita kwenye mizani yangu ilishuka nusu. Nusu! Ugonjwa ukaja. Baada ya ugonjwa, sabuni ikapanda mara tatu. Nimekaa na hesabu hiyo miaka ishirini na sita, nikiiangalia. Nani aliificha sabuni? Nani aliiuza baadaye? Huyo ndiye aliyetuletea kipindupindu, na huyo ndiye ametuma ujumbe.

— Mzee, mwenye sabuni ndiye anayelipa laki tatu.

Mzee Mizani aliteremsha kidole.

— Basi si yeye.

Mama Birika alicheka peke yake. Kilichomsumbua Waya hakikuwa idara ya maji wala wenye madawa. Ni yale maneno mawili, *si kweli*. Mtu anaweza kukuambia umekosa adabu, au una sauti ya kuchosha, na ukalala usingizi wako. Yeye alijulikana kwa neno moja katika kazi yake: simu ikifa, alisema imekufa, hakuzungusha mtu wiki mbili ili ale hela ya bure. Hata kipindi chake kilianza kila mara na sentensi hiyo hiyo, kwamba hapa hapasemwi kitu kisicho na ushahidi.

Na ushahidi alikuwa nao. Alijihesabia tena, kimoyomoyo, kama mtu anayepapasa mfuko. Alikuwa na daftari la wagonjwa la kituo cha afya. Alikuwa na mtu aliyeona. Vyote viwili vilimtaja mtu mmoja: mfuaji nguo aliyekuwa akikaa karibu na kisima, mwanamke waliyemwita Mama Foronya kwa sababu kila siku alikuwa ameanika foronya za watu, safu kwa safu. Nambari moja katika daftari. Mgonjwa wa kwanza. Aliyesuuza shuka chafu za mgeni kisimani na kuutia ugonjwa ndani ya maji ya mtaa mzima. Hivyo ndivyo kipindi kilivyosema, na hapo ndipo watu walipoacha kufikicha macho wakaanza kutumiana kipindi.

— Shahidi, alisema, hebu nisimulie tena. Siku ile.

— Si umerekodi?

— Nisimulie tena.

Shahidi alivuta pumzi ya mtu anayependa kuombwa.

— Ilikuwa alfajiri. Nilikuwa napita na jora la kitambaa begani. Nikamwona Mama Foronya kisimani na ndoo. Ndani ya ndoo shuka, na shuka lenyewe, nisamehe Mama Birika, halitamaniki. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamimina yote kisimani, chubwi!

— Aliimimina ndani?

— Yote.

— Kwangu ulisema alikuwa anasuuza pembeni.

— Alianza pembeni.

— Na ulisema ilikuwa jioni.

— Jioni aliendelea. Dokta, unanihoji kama mwizi? Mtu anakumbuka kadiri anavyokunywa kahawa. Kumbe kulikuwa na mwanamume naye, sasa hivi nimemwona wazi kabisa, amevaa koti jeupe, amemshikia taa...

— Taa alfajiri, na jora begani, alisema Mama Birika. Na koti jeupe sasa.

— Ya koti jeupe nakubali, alisema Mzee Mizani. Koti jeupe ni idara ya maji.

Waya aliweka bisibisi mezani. Alipokuwa anarekodi, maneno ya Shahidi yalikuwa yamekaa vizuri kama betri ndani ya nyumba yake. Hakuuliza mara mbili. Kwa nini aulize? Yalilingana na daftari.

— Kahawa, mama, ilisema sauti.

Hakuna aliyekuwa amemwona akija. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, suruali ya kazi yenye madoa ya chokaa na bluu, ngazi begani. Aliiegemeza ngazi ukutani, akaifunga kamba kwenye nondo ya dirisha la fotokopi ili isiteleze, akapokea kikombe. Hakuketi.

— Endelea, kaka, alimwambia Shahidi. Koti jeupe.

Shahidi, akipata msikilizaji mpya, alijaa tena.

— Ndiyo hivyo, dada yangu. Nilisimama kama pale ulipo wewe na yeye kama kwenye jiko. Hatua sita.

— Ulikuwa na umri gani?

— Kumi na tisa.

— Unakaa hapa hapa mtaani?

— Mimi? Mimi nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na hapa ndipo—

— Mwaka ule ulikuwa kwa mjomba wako, alisema Mama Birika bila kuinua macho kwenye mkaa. Ulikwenda kujifunza magodoro. Ulirudi kisima kimeshajazwa kifusi. Mama yako alikuwa analia hapa kila siku kwamba huandiki barua.

Shahidi alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka humo.

— Nilisimuliwa na mtu aliyeona, alisema hatimaye. Ni kitu kile kile.

— Mama Birika! alisema Waya, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. Ulijua hayo siku zote? Nimemrekodi huyu hapa hapa, mbele yako, umekaa unamimina!

— Uliniuliza?

— Ungesema!

— Ulisema tunyamaze, unarekodi.

Mzee Mizani alikohoa. Mwanamke wa ngazi alikunywa kahawa yake polepole, macho yakiwa kwa fundi simu.

— Kwa hiyo Dokta Waya ndiye wewe.

— Ndiye mimi. Na wewe ndiye uliyeandika ujumbe.

— Bado dakika kumi ifike saa kumi. Nimewahi.

Benchi zima liliketi wima. Watu waliokuwa wamejiandaa kwa idara nzima ya maji hawakujua wafanye nini na fundi rangi mmoja. Waya alisimama. Hasira ilikuwa inampanda, ile hasira ya mtu anayehisi ardhi inalegea na anataka mwingine awe ameichimba.

— Sikia, dada. Huyu Shahidi tumwache. Sawa, ametuangusha, tutamalizana naye. Lakini mimi sikusimama juu ya maneno ya Shahidi peke yake. Mimi nina daftari. Daftari la kituo chenyewe, mwaka ule wenyewe. Mtunza kumbukumbu nilimtengenezea simu, akaniruhusu niingie stoo nusu saa. Nilipiga picha kurasa zote. Hii hapa. Soma mwenyewe.

Alimsogezea simu. Katika picha kulikuwa na ukurasa wa manjano wenye mistari ya kalamu ya risasi: nambari, jina, mtaa, siku, saa. Mstari wa juu kabisa: moja. Jina lake halisi, kisha kwenye mabano, *Mama Foronya, kisima cha nyuma*.

Mwanamke hakuishika simu. Aliiinamia tu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ukuta ambao mwingine ameupaka vibaya.

— Ni huyo, alisema.

— Si unaona!

— Saa yake?

— Saa moja na robo asubuhi.

— Wa pili?

— Saa moja na robo.

— Wa tatu? Wa nne? Wa tano?

Waya alitazama. Hakuwa ameiangalia safu hiyo ya saa. Alishuka na kidole. Wote watano waliandikwa saa moja na robo.

— Walikuja pamoja, alisema Mzee Mizani, ambaye hesabu ikipita mbele yake hawezi kuiacha.

— Walikuja na nini? aliuliza mwanamke.

Mama Birika ndiye aliyesema, taratibu:

— Kwa mkokoteni. Mkokoteni wa nguo. Wengine tuliuona.

— Uliosukumwa na nani?

Mama Birika aliweka birika chini.

— Na yeye.

— Kutoka hapa hadi kituoni, alisema mwanamke, kuna vilima viwili. Wewe, Dokta, ndiye uliyetueleza kipindupindu kinavyomfanya mtu. Ulisema, nimekusikia mimi mwenyewe, kwamba ndani ya saa chache misuli inakaza, macho yanaingia ndani, mtu hawezi kusimama. Mgonjwa wako wa kwanza amesukuma watu wanne vilima viwili?

— Inawezekana alikuwa na ugonjwa mwepesi, alisema Waya. Wapo wanaoupata bila kuonyesha dalili. Wengi tu. Hilo nalo ni la kweli.

— Ni la kweli. Daftari linasema alikuwa nao?

— Daftari lina... jina. Mtaa. Siku.

— Hali ya mgonjwa?

— Haijaandikwa hali.

— Ukurasa wa kulia unasema nini?

Waya aliivuta simu karibu. Aliitazama picha. Ilikuwa picha nzuri, aliipiga kwa mwanga wa dirisha, na pembeni kabisa, upande wa kulia, palionekana uzi mweupe ulioshona karatasi katikati, na baada ya uzi ule, mwanzo wa ukurasa mwingine. Mistari iliuvuka uzi na kuendelea ng'ambo. Nusu saa ilikuwa fupi. Alikuwa na kurasa nyingi. Aliona majina upande wa kushoto, akapiga kushoto, akafunua, akapiga kushoto. Yeye, aliyewagombeza wateja kila siku kwa kutibu betri wakati kilichokufa ni waya wa chaji, alikuwa amesoma nusu ya kila mstari.

— Nimekuuliza, alisema mwanamke.

Waya alimtazama Mzee Mizani. Mzee Mizani aliuona mpini wa fimbo yake kuwa kitu cha kuvutia sana. Shahidi hakuwa tena mahali pa kutazamwa.

— Sijui, alisema Waya.

Mwanamke alitoa karatasi mfuko wa kifuani. Ilikuwa fotokopi, imekunjwa mara nne, na kwenye pembe ilikuwa na alama ya kidole cha bluu.

— Na mimi nilikwenda. Nilipaka ukuta wa stoo yao mwaka jana, wananijua. Soma kwa sauti, wewe ndiye msomaji wa watu.

Waya alisoma. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ile ya kabatini, ya kupendeza, kisha ikampotea.

— "Nambari moja. Hali: mzima. Maelezo: si mgonjwa. Ameleta wagonjwa wanne, hawawezi kusema, yeye ndiye aliyetaja majina. Anasema wote wanne wanachota kisima cha nyuma. Anasema nyumbani kwake hawajaugua kwa kuwa huchemsha maji ya kufulia na hunywa hayo hayo. Anaomba kisima kifungwe."

Waya aliilaza karatasi juu ya kioo.

— Karani wa kituo alihitaji jina la kuanzia, alisema mwanamke. Aliyekuwa na sauti alikuwa mmoja. Nilikuwa na miaka sita, nilikaa mbele ya mkokoteni nikishika vichwa vyao visigonge ubao. Kisima walikifunga siku ya sita. Siku zote hizo mama alikaa pale na fimbo, anawafukuza watu wasichote. Ndiyo sababu walimwona kisimani. Kila mtu alimwona kisimani!

— Ni mama yako, alisema Waya.

— Ni mama yangu.

— Yu hai.

— Ulidhani amekufa?

— Hakuna aliyejua alikohamia.

— Nani ulimuuliza?

Waya alikaa chini. Kilichomchoma zaidi hakukisema, maana kilikuwa cha aibu mno kutamkwa kijiweni. Katika kipindi kile kile alikuwa ametumia dakika kumi nzima kumsifu daktari mmoja wa ng'ambo, wa zama za babu wa babu, aliyewahesabu wafu mtaa kwa mtaa, akagundua wote wanachota bomba moja, akawabembeleza wakubwa waling'oe mpini. Alikuwa amemsimulia mtu yule kwa mapenzi, akatia na muziki chini. Kisha akageuka nyumbani, akamkuta mfuaji aliyefanya jambo lile lile kwa mkokoteni, akamfanya mwuaji.

— Anafanya kazi hadi leo, alisema mwanamke. Anafua hosteli ya wanafunzi, vitanda sitini. Alikuwa anafua. Wiki iliyopita wanafunzi wamekaa kwenye karo la kufulia, wamewasha simu kwa spika, wanacheka. Mama anakamua shuka. Akasikia jina lake. Aliuliza kama kuna Mama Foronya mwingine. Msimamizi wa hosteli amemwambia apumzike kwanza. Unajua maana ya "pumzika kwanza"?

— Najua.

— Tangu siku ile hatoki nje. Alikusikiliza mpaka mwisho, anataka nikwambie una sauti nzuri.

Simu ya Waya ilitetemeka juu ya kioo, ikajisogeza yenyewe kama mdudu. Mzee Mizani, aliyekuwa karibu, aliiona namba kabla hajajizuia.

— Dokta... alisema kwa sauti ndogo. Imetimia. Elfu kumi na kumi na saba.

Hakuna aliyesema hongera. Waya aliishika simu.

— Nakifuta. Sasa hivi, mbele yako. Laki tatu na ziende.

— Usiguse!

— Si ndicho ulichokuja kutaka?

— Ukikifuta kitafutika kwenye simu yako. Kwenye vichwa elfu kumi utakifuta na kitambaa gani? Watasema kimeondolewa kwa sababu kilikuwa cha kweli. Watasema umetishwa na idara ya maji.

Mzee Mizani alijikuna shingo.

— Basi naandika masahihisho, alisema Waya. Chini ya kipindi. Naeleza kila kitu, ukurasa wa kulia na wote.

— Nani anasoma ya chini? Mzee, wewe unasoma?

— Mimi nasikiliza tu, alisema Mzee Mizani. Macho yamechoka.

— Nitaomba radhi mwanzo wa kipindi kijacho. Nusu dakika, kwa heshima zote.

Mwanamke alimtazama tu mpaka Waya mwenyewe akayasikia maneno yake.

— Dada, nielewe, alisema, na sasa ilikuwa kama anaomba. Nimewaeleza watu bakteria kwa vipindi vinne. Hakuna aliyesikiliza. Bakteria hana sura, hana jina, hana mtaa. Watu wanataka mtu. Nilipowapa mtu, wakaja elfu kumi. Na humo humo walijifunza kuchemsha maji, walijifunza chumvi na sukari. Kuna mama aliniandikia kwamba mtoto wake—

— Wanataka mtu?

— Ndiyo.

— Basi wape mtu. Wape yule aliyesukuma mkokoteni. Au ukimpenda mtu lazima awe na koti jeupe?

Shahidi, ambaye wote walidhani amelala au amekufa, alisema:

— Mimi naweza kumwelezea huyo wa mkokoteni, kwa kweli nakumbuka—

— Shahidi! walisema watatu kwa pamoja.

Waya alijifuta uso kwa kitambaa cha kusafishia vioo. Alijaribu mara ya mwisho.

— Nipe wiki. Nije nimsalimie mama, nimhoji kwa sauti yake mwenyewe, nikaone daftari zima, kushoto na kulia. Nipange vizuri. Kitu kama hiki hakitaki haraka.

— Kumsalimia utakuja ukiitwa. Kuhojiwa hahojiwi. Amesimulia mara moja, kwa karani, na ulipewa maneno yake yote, ukaacha nusu stoo. Kumchafua kulikuchukua nusu saa ya kutafuta. Kumsafisha ndiko kunataka wiki?

— Kabati langu liko nyumbani. Hapa pana kelele, gari, mkaa, watu—

— Alipokuwa anasukuma palikuwa na kelele.

Aliweka kikombe kitupu kwenye sinia la Mama Birika, akalipa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aje, akaketi, katikati ya benchi, Mzee Mizani akisogea huku na Shahidi kule bila kuambiwa. Akachukua simu ya Waya kutoka juu ya kioo, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akamrudishia.

— Kipindi chako kina dakika thelathini na nane, alisema. Nataka thelathini na nane. Si thelathini na saba. Kwa sauti yako, kwa jina lake, mahali pale pale ulipokiweka kile. Nazidai. Anza.